Hatari Ilitafutwa Wapi? Historia Fupi ya Mwanamke Anayekimbia Barabarani

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliniletea picha ya tangazo la klabu ya mbio za pole anayokimbia nayo mwishoni mwa juma. Kichwa chake kilikuwa "Usalama wa Wanawake" na chini yake yalikuwamo maagizo saba. Wasikimbie peke yao. Wasitoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Wasivae nguo za kubana. Wasiweke spika masikioni. Wabadilishe njia mara kwa mara. Wamwachie mtu nyumbani taarifa ya mahali wanapopita. Wasijibu maneno ya vijiweni. Baadhi ya maagizo hayo ni ya busara, nami ningempa binti yangu. Lakini mwanafunzi wangu aliuliza jambo jingine: "Mwalimu, mbona hakuna agizo hata moja kwa waendesha bodaboda, au kwa wanaume wa klabu, au kwa wanaohusika na taa za barabarani?" Mimi hukimbia barabara hiyo hiyo saa kumi na moja alfajiri, peke yangu, na hakuna aliyewahi kunipa tangazo. Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, maana jibu lake limo katika historia.

Kila kizazi kilikuwa na hakika kuhusu mahali ilipo hatari inayomkabili mwanamke anayekimbia. Kizazi kimoja kiliiona ndani ya mwili wake, kingine katika nguo zake, kingine katika giza la barabara. Katika hali zote hizo aliyetakiwa kubadilika, au kubaki nyumbani, alikuwa yeye.

Tuanzie Amsterdam, tarehe 2 Agosti 1928. Michezo ya Olimpiki ya mwaka ule ndiyo ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushiriki riadha, na hata hapo ni katika mashindano matano tu. Moja kati ya hayo lilikuwa mbio za mita 800. Wakimbiaji tisa waliingia fainali. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, ikawa rekodi ya dunia. Kinue Hitomi wa Japani alishika nafasi ya pili, ingawa hayakuwa masafa yake. Alijiingiza baada ya kutolewa katika mbio za mita 100. Ilikuwa fainali ya kusisimua. Magazeti ya Ulaya na Marekani, hata hivyo, yaliandika habari nyingine kabisa: kwamba wanawake walianguka ovyo uwanjani, kwamba yalikuwa mandhari ya kusikitisha, kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa masafa kama hayo. Filamu ya mbio zile ipo hadi leo. Inaonyesha mkimbiaji mmoja akianguka mwishoni na kuinuka. Wote tisa walimaliza.

Uzushi ule ulishinda filamu. Mbio za wanawake zinazozidi mita 200 ziliondolewa katika Olimpiki, na mita 800 hazikurudi hadi Roma mwaka 1960, yaani baada ya miaka 32. Linganisha na yaliyompata Dorando Pietri wa Italia katika marathoni ya London mwaka 1908. Mwanamume huyo alianguka mara kadhaa karibu na mwisho, akainuliwa na maofisa, akavushwa mstari na baadaye akaondolewa katika matokeo kwa sababu alisaidiwa. Kesho yake Malkia Alexandra alimpa kikombe cha fedha kwa ushujaa. Sijui hoja yoyote ya kitabibu inayoweza kueleza tofauti ya kuanguka huku na kule.

Hukumu ya Amsterdam iliendelea kutumika hata mbali na viwanja vya Olimpiki. Mwaka 1966 Bobbi Gibb, Mmarekani mwenye umri wa miaka 23, aliomba kushiriki Boston Marathon. Alijibiwa kwa barua kwamba wanawake hawana uwezo wa kimwili wa kukimbia umbali ule. Akaenda hivyo hivyo. Alijificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia, amevaa kaptula ya ndugu yake wa kiume na sweta yenye kofia ili asitambulike, na miguuni alikuwa na raba za wavulana. Kundi lilipopita akachomoka na kujiunga nalo. Ndani ya sweta ile aliungua joto, lakini aliogopa kuivua kwa kuwa ndiyo iliyomficha. Wanaume waliokuwa karibu naye walipogundua kwamba ni mwanamke, walimwambia hawatakubali aondolewe barabarani. Hapo ndipo alipoivua. Alimaliza kwa saa 3, dakika 21 na sekunde 40, akiwatangulia wanaume wengi.

Ninaiona sweta ile kuwa na maana kubwa kuliko hata muda wake. Gibb alilazimika kuchagua kati ya kuwa salama na kuwa na nafuu mwilini, na uchaguzi huo ungali unafanywa kila asubuhi na wanawake wa Dar es Salaam wanaokimbia na khanga kiunoni, juu ya suruali ya michezo, katika joto na unyevunyevu wa Februari. Kilichoondoa ulazima ule kwa Gibb ni tabia ya watu waliomzunguka.

Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha katika mbio zile zile kwa jina la K. V. Switzer, akapewa namba 261. Kanuni za mashindano hazikuwa na mstari wowote uliowataja wanawake; ilichukuliwa tu kwamba hawatakuja. Alipokuwa njiani, ofisa mmoja wa mashindano, Jock Semple, alishuka garini, akamrukia na kujaribu kumnyang'anya namba yake huku akimfokea atoke. Rafiki yake wa kiume, mrusha nyundo, alimsukuma ofisa huyo kando. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Huyu hapa mwanamke aliyeambiwa kwamba barabara ni hatari kwake, na aliyemshambulia barabarani alikuwa mlinzi wa utaratibu. Wanawake waliruhusiwa rasmi Boston mwaka 1972, na Olimpiki ikapata marathoni ya wanawake mwaka 1984, Los Angeles, ambako Joan Benoit alishinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52.

Kati ya miaka hiyo kuna tukio dogo ambalo vitabu vya historia ya siasa havilitaji. Mwaka 1977, katika jimbo la Vermont, Marekani, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller walichukua nguo mbili za ndani ambazo wanamichezo wanaume huvaa kushikilia sehemu zao za siri, wakazishona pamoja. Ikawa sidiria ya kwanza ya michezo kuingia sokoni. Kabla ya hapo maumivu ya kifua wakati wa kukimbia yalikuwa siri ya kila mwanamke, na wengi waliacha mbio bila kusema kwa nini. Wenzangu wa kiume hucheka ninapolitaja jambo hili darasani. Wakumbuke kwamba nguo ile ya wanaume ilikuwako miaka mingi kabla. Aliyekosa vazi la kumfaa ni yule aliyedhaniwa kwamba hatakimbia.

Kwetu mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa sababu hatukuwa na desturi ya kudai kwamba mwanamke hawezi kukimbia. Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi: alfajiri, peku au na raba zilizotoboka, wasichana na wavulana katika mistari ile ile, wimbo wa kuitikiana. Jeshi la Kujenga Taifa nalo liliwakimbiza vijana wa jinsia zote. Mwanamke aliyekimbia ndani ya kundi, kwa amri ya shule au ya taifa, hakumshangaza mtu. Shida ilianza pale alipotokea barabarani kwa hiari yake na kwa mavazi aliyoyachagua mwenyewe.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana, na utekelezaji wake ulipangwa kuanza siku ya mwaka mpya wa 1969. Makundi ya vijana wa kiume hayakuisubiri siku hiyo. Katika kituo cha mabasi cha Kariakoo waliwavamia wanawake waliowaona wamevaa vibaya. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakisifu, wengine wakipinga. Aliyesema analinda utamaduni alikuwa huyo huyo aliyeifanya barabara isipitike. Mwaka 1972 Idi Amin naye alipiga marufuku sketi fupi nchini Uganda kwa amri ya kijeshi.

Historia hii ingali hai. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani katika kituo cha matatu. Mwezi uliofuata sheria ya Kenya ilibadilishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye adhabu ya kifungo. Ndugu zangu watumishi wa umma waliangalie badiliko hilo kwa makini: sheria haikugusa urefu wa sketi. Iligusa mkono wa anayechana.

Wakimbiaji Waislamu wa Afrika Kaskazini waliyajua haya mapema. Nawal El Moutawakel wa Morocco alishinda mita 400 kuruka viunzi mwaka 1984 na kupokewa kwa shangwe. Hassiba Boulmerka wa Algeria alishinda mita 1,500 mwaka 1992, lakini vitisho kuhusu kaptula yake vilikuwa vimemlazimu kujiandaa nje ya nchi yake. Leo wapo wanaokimbia kwa hijabu nyepesi ya michezo na wapo wanaokimbia kwa bukta. Vazi ni lao kuamua, ilimradi linapitisha hewa na halichubui ngozi.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya nichelewe kumjibu mwanafunzi wangu. Mwaka 2008, Beijing, Pamela Jelimo wa Kenya alishinda mita 800, masafa yale yale ya Amsterdam, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa na umri wa miaka 18. Kufikia wakati huo barabara za vumbi za Iten zilikuwa zimejaa wasichana wakikimbia alfajiri, na hakuna aliyekuwa akiwauliza wanakwenda wapi. Ungesema hatari zote za kale zimekwisha.

Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao, kwa dakika 30 na sekunde 1, nchini Ujerumani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji na akakana shtaka. Agosti 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, na mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Mwanamume huyo naye alikufa kwa majeraha ya moto ule. Familia ilieleza kwamba ulikuwako mgogoro wa kiwanja na nyumba iliyojengwa juu yake.

Wala Tirop wala Cheptegei hakushambuliwa akiwa mbioni. Hakuna agizo lolote kati ya yale saba ambalo lingewaokoa: saa, njia, nguo na spika za masikioni havikuhusika. Wanariadha wenzao wameeleza mtindo unaojirudia, wa mwanamume anayejitokeza kama kocha au msaidizi, kisha akawa mume, kisha akawa mwenye kushika hati ya kiwanja na akaunti ya benki ambamo zawadi za mbio huingia. Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha akiwamo Viola Cheptoo walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanaopitia ukatili wa aina hii. Shughuli yao haihusu barabara hata kidogo.

Sisemi kwamba barabara ni salama. Bodaboda zinazopita bila taa nimezikwepa mimi mwenyewe, na maneno ya vijiweni nimeyasikia yakielekezwa kwa wanafunzi wangu. Ninasema kwamba tangazo lililotafuta hatari katika nguo na saa za mwanamke liliacha sehemu nyingi bila kutafuta.

Mwanafunzi wangu ameandika tangazo la pili. Agizo lake la kwanza linawataka wanaume wa klabu wakimbie upande ulio karibu na magari, na wamnyamazishe mwenzao anapotoa maneno ya ovyo. La pili ni barua ya kupeleka ofisi ya kata, yenye idadi ya nguzo zisizowaka kati ya uwanja na sokoni, amezihesabu mwenyewe. La tatu linahusu sidiria inayofaa, maji na raba, na limewekwa hapo bila haya. La mwisho linaelekeza lilipo dawati la jinsia katika kituo cha polisi cha jirani, kwa ajili ya yule ambaye hatari yake inamsubiri akirudi nyumbani. Uongozi wa klabu umepokea nakala na umesema utalijadili.