Yufoniamu ya bei nafuu: Mambo ya kuzingatia kabla ya kumnunulia mwanafunzi wa muziki

MZAZI ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusomea muziki chuoni hukumbana na gharama ambayo aghalabu haimo katika orodha ya karo, nayo ni ala. Kwa anayepiga gitaa au filimbi, mzigo huo hubebeka. Kwa anayepuliza yufoniamu, bei ya ala moja mpya yaweza kushinda karo ya mwaka mzima, na kosa moja la ununuzi huenda likamwandama mwanafunzi hadi siku ya kuhitimu.

Yufoniamu ni ala ya shaba yenye sauti nzito na nyororo. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti tamu. Ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1840. Bomba lake lina urefu wa takriban mita 2.7 likinyooshwa, nalo hupanuka polepole kutoka kwenye kipulizio hadi kwenye mdomo mpana wa ala. Nchini Kenya, ala za jamii hii husikika hasa katika bendi za polisi na za wanajeshi, na katika Jeshi la Wokovu, ambalo lilianza kazi yake humu nchini mwaka wa 1921.

Vali tatu au nne?

Swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza ni idadi ya vali. Kila vali inapobonyezwa hufungua kipande cha bomba na kuteremsha sauti. Ya kwanza huteremsha toni moja, ya pili nusu toni, ya tatu toni moja na nusu, nayo ya nne toni mbili na nusu.

Ala ya vali tatu, mathalan Yamaha YEP-201, yamfaa mwanafunzi wa shule anayeanza. Hata hivyo, ina upungufu mkubwa: noti tano za chini, kati ya E na B flati iliyo chini yake, hazipatikani. Mwanafunzi wa chuo atakutana na noti hizo katika mazoezi na katika vipande vya mtihani, na hakuna bidii itakayoziba pengo hilo.

Ala ya vali nne huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Yamaha YEP-321 ni mfano unaojulikana sana. Huwapa wanafunzi noti za chini isipokuwa moja, yaani B ya kawaida. Lakini vali kadhaa zinapobonyezwa kwa pamoja, urefu wa bomba hautoshi na sauti hupanda kuliko inavyotakiwa. Mpulizaji hulazimika kuirekebisha kwa midomo.

Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana mwaka wa 1874, David James Blaikley wa kampuni ya Boosey jijini London alipobuni mfumo wa kufidia. Katika ala hizi, vali ya nne ikibonyezwa, hewa hupita katika vali nyingine mara ya pili na kuongezewa vijibomba vidogo vinavyosahihisha sauti. Anayenuia kuwa mpulizaji wa jukwaani ataihitaji ala ya aina hii. Anayesomea ualimu wa muziki aweza kumaliza masomo yake akiwa na ala ya vali nne isiyo na mfumo huo.

Mnunuzi atahadhari: vali ya nne kuwekwa kando, mahali pa mkono wa kushoto, si ushahidi tosha kwamba ala ina mfumo wa kufidia. Vijibomba vya ziada nyuma ya vali ndivyo vya kutafutwa.

Mpya au kuukuu?

Ala za kufidia za Besson, Willson na zile za daraja la juu za Yamaha ziko mbali na uwezo wa familia nyingi. Katika miaka ya karibuni, viwanda vya China vimeunda ala za kufidia ambazo mara nyingi bei yake haifiki nusu ya hizo. Baadhi huuzwa na kampuni za Uingereza ambazo huzikagua kwanza, mathalan John Packer JP274 na Wessex Dolce. Nyingine huuzwa kwa majina yasiyojulikana, na ubora wake hutofautiana hata baina ya ala mbili za muundo mmoja. Kwa hivyo, dhamana na upatikanaji wa vipuri vina uzito sawa na bei.

Ala kuukuu iliyotunzwa vyema huenda ikawa chaguo bora zaidi, mradi mnunuzi asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Avute bomba la kila vali bila kuibonyeza, angoje sekunde chache, kisha abonyeze. Mlio mfupi wa hewa ni ishara kwamba vali haivuji. Mabomba yote yasogee kwa urahisi. Madoa mekundu kwenye bomba linaloanzia kwenye kipulizio huashiria kwamba shaba inaliwa kutoka ndani, na hiyo ni sababu tosha ya kuondoka. Mibonyeo midogo kwenye mdomo mpana haina madhara makubwa. Iliyo karibu na vali ina madhara.

Aidha, ala nyingi za Uingereza zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa za sauti ya juu. Noti A ndani yake ilikuwa na mitetemo takriban 452 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Tofauti hiyo, inayokaribia robo ya toni, humfanya mpulizaji asilandane na wenzake. Ala kama hizo zaweza kung'aa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kifaa cha kupimia sauti, hata kile cha kwenye simu, kitafichua ukweli kwa dakika moja.

Vilevile, wauzaji wengine huita baritoni yufoniamu. Baritoni ina bomba jembamba zaidi na sauti nyepesi, nayo haiwezi kushika nafasi ya yufoniamu katika bendi.

Kipulizio na ushuru

Vipulizio huwa na mashina ya ukubwa wa aina tatu: dogo, la wastani na kubwa. Kisichotoshea huharibu sauti ya ala nzuri. Kwa upande mwingine, kipulizio kizuri, kama vile Denis Wick SM4 au Schilke 51D, huinua ala ya wastani kwa gharama ndogo. Muhimu ni kuagiza chenye shina linalolingana na ala.

Kwa anayeagiza kutoka ng'ambo, bei inayoonekana kwenye tovuti siyo atakayolipa. Kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, ada nyingine za uagizaji na kodi ya VAT ya asilimia 16. Ala za shaba za kupuliza zimo katika fungu nambari 9205.10 la bidhaa za forodha, na ajenti aweza kutumia nambari hiyo kukadiria gharama kabla ya fedha kutumwa.

Kabla ya yote hayo, mzazi na aulize idara ya muziki iwapo ina ala ya kuazima katika mwaka wa kwanza. Muda huo humpa mwanafunzi nafasi ya kujua anakoelekea, na familia nafasi ya kudunduliza. Kisha mwalimu wa ala za shaba, au mpulizaji mzoefu wa bendi, aijaribu ala kabla ya kulipiwa.

Waswahili husema kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini ghali pia haipiki yenyewe. Ala inayofaa ni ile ambayo mwanafunzi aweza kuipuliza kila siku, noti zote zikiwemo, pasipo nduguze kukosa karo kwa ajili yake.