Msimu wa Wenye Matanga

Sisi tukaao Mwankoko hatuna haja ya kufundishwa habari za upepo. Singida ni nchi ya upepo. Huvuma kati ya majabali, hutimua vumbi njiani, na juu ya Ziwa Singidani huinua mawimbi. Lakini kwetu upepo hutusaidia kupepeta mtama, na kazi yake huishia hapo. Bahari iko mbali, karibu kilomita 700 kwa barabara. Leo nataka kuwaeleza habari za watu wa huko pwani, ambao upepo ndio uliokuwa kalenda yao, na aliyeidharau alilipa kwa roho za watu.

Neno “msimu” tunalolitamka kila siku lina asili ya Kiarabu, na Waarabu walilitumia kwa majira ya safari za baharini. Wareno walilichukua kwao, na kwa njia hiyo Waingereza nao wakapata jina la pepo hizo. Kwetu pepo hizo ni mbili kubwa. Kaskazi hushika toka Desemba mpaka Machi, ikitoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja huku. Kusi hushika toka Aprili mpaka Septemba hivi, nayo hurudi kule. Sababu yake ni jua. Katika miezi ya katikati ya mwaka nchi ya Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda juu, na upepo wa bahari ya kusini hukimbilia kujaza mahali pake. Asia ipoapo, mambo hugeuka.

Basi mabaharia waliutumia mlango huo. Kitabu kimoja cha Kiyunani cha karne ya 1 ya Kristo chataja vyombo vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba, pasipo misumari, na wafanya biashara wa Arabuni waliokuja huku. Walikuja na Kaskazi, wakarudi na Kusi. Hata mwaka 1939, Alan Villiers, baharia mzaliwa wa Australia, aliyesafiri katika jahazi la watu wa Kuwait, alifika nao Unguja na katika delta ya Rufiji kwa utaratibu ule ule. Walipakia boriti za mikoko za kujengea nyumba kwao, kisha wakarudi na Kusi.

Msimu haukuwa safari tu. Mwezi wa Juni na Julai, Kusi ilipopamba moto, bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Vyombo vilipandishwa pwani wakati wa bamvua na kutegemezwa kwa magogo. Mafundi walichomoa pamba iliyooza kati ya mbao wakatia mpya, kazi iitwayo kukalafati. Kisha walipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Matanga yalitiwa viraka, kamba zikasokotwa. Tena walikuwa na hesabu yao: mwaka wa siku 365 ulioanza Siku ya Mwaka, uliogawanywa katika miongo, kila mwongo siku 10. Nahodha alijua mwongo gani ang'oe nanga na mwongo gani akae kwake. Dar es Salaam kuna chama cha wapenda matanga kilichoanzishwa mwaka 1933, ambacho watu wake hushindana kwa furaha. Ni jambo zuri, lakini mbele ya hesabu hiyo chama hicho ni mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni yaliyompata Vasco da Gama, Mreno. Mwezi wa Aprili 1498, akiwa njiani kwenda Mombasa na Malindi, merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye fungu karibu na Mtangata, upande wa Tanga. Maji yalipojaa ikaelea tena. Malindi mfalme alimpa rubani, na tarehe 24 Aprili wakatweka matanga. Kusi ilikuwa ndiyo kwanza imeshika. Kwa siku 23 tu waliiona nchi ya Bara Hindi.

Huko Kalikut alikosana na mfalme, akaondoka tarehe 29 Agosti kabla ya Kaskazi kuanza. Labda hofu ilimshinda. Lakini wafanya biashara wote wa bandari ile walijua kwamba wakati wa kwenda Afrika bado. Toka kisiwa cha Anjediva alianza kuvuka bahari tarehe 5 Oktoba. Upepo ulikuwa wa mbele, na siku nyingine haukuwako kabisa. Siku 23 za kwenda ziligeuka karibu miezi mitatu ya kurudi. Maji na vyakula vibichi vikaisha, kiseyeye kikawashika, fizi zikavimba hata wasiweze kula. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na katika kila merikebu walibaki saba au nane tu wenye nguvu za kufanya kazi.

Kaskazi ilipokuja ndipo waliposukumwa mpaka pwani yetu. Walifika Malindi tarehe 7 Januari 1499, wakapewa machungwa na nyama. Lakini merikebu tatu hazikuwa na watu wa kutosha. Tarehe 13 Januari walitia nanga kwenye fungu lile lile la Mtangata, wakahamisha mizigo ya São Rafael, wakaichoma moto. Walikaa hapo siku 15, na watu wa Mtangata wakawaletea kuku, wakibadilishana kwa mashati na bangili.