Kisima cha Nyani

Mpendwa, siku ukiuona Mlima Kenya bila mawingu, mkumbuke Johann Krapf, mmisionari Mjerumani. Mwaka 1844 alizika mke na mtoto Mombasa, lakini hakurudi kwao. Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Chifu Kivoi, akauona mlima huo kwa macho yake. Furaha iliyoje!

Mwaka 1851 akarudi Ukambani. Karibu na Mto Tana wanyang'anyi wakavamia msafara, Kivoi akauawa, Krapf akabaki peke yake nyikani. Akatia maji kwenye mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi. Vichaka vikazing'oa, maji yakamwagika. (Wewe ungemwambia Mungu nini hapo?) Kiu ikamkaba. Ndipo akasikia kelele za nyani. Akafuata mkondo mkavu, akakuta shimo walilochimba mchangani, lina maji. Akamshukuru Mungu, akanywa.