Kufuga bata ndani ya nyumba: mahali pake, chakula chake na afya ya watoto

Katika vijiji vya Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, kulaza kuku au bata ndani si jambo geni. Usiku kuna wezi, kuna kicheche na nguchiro, na mwezi Juni na Julai kuna baridi inayoua vifaranga kabla ya alfajiri. Mchana nako kuna sababu nyingine. Mashamba yameshikana mlimani, kitalu cha kabichi au saladi cha jirani kiko hatua chache tu kutoka mlangoni, na bata akiingia humo kwa robo saa, maneno yake hayaishi msimu huo. Basi bata anabaki nyumbani, mtoto anamzoea, anampa jina, na baada ya miezi michache hakuna anayemhesabu tena kama mfugo. Amekuwa wa nyumbani.

Makala hii inahusu bata wa namna hiyo. Hatusemi asifugwe ndani. Tunasema nyumba igawanywe: bata awe na pembe yake, na jiko na mahali pa kulala pabaki pa watu. Sababu kubwa ni watoto wadogo, na tunaanza nayo kwa kuwa ndiyo husahaulika.

Kinyesi na watoto wadogo

Mbwa na paka hufundishika kwenda nje. Bata hafundishiki. Hawezi kuzuia haja, kinyesi chake ni cha majimaji, na hukiacha popote alipo, mara nyingi kwa siku, hata akiwa amepakatwa. Anayekuuzia bata "aliyefundishwa choo" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ndani ya kinyesi hicho huweza kuwamo bakteria wa salmonela na kampilobakta. Hao huleta kuhara, homa na tumbo la kukata, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, ugonjwa unaweza kuwa mkali. Tatizo ni kwamba bata mwenyewe haonyeshi dalili. Anakula, anang'aa, anakufuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) waliwachunguza bata wa kienyeji wa mjini Morogoro, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 walieleza kuwa waliwakuta kampilobakta kwa sehemu kubwa ya bata hao. Walikuwa bata wa kawaida kabisa, wa kuzunguka uani, kama hawa wetu.

Kwa hiyo mtoto anayetambaa na bata wasitumie sakafu moja. Mtoto mkubwa anaweza kumshika na kumbeba, lakini asimbusu, asile naye sahani moja, na anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza. Sabuni ikiwa imeisha, jivu safi na maji ni afadhali kuliko maji matupu. Vyombo vya bata vioshwe nje, mbali na vyombo vya kulia. Na yai la bata lipikwe hadi kiini kigande. Yai la bata la kuchemsha nusunusu halifai kupewa mtoto.

Huko Ulaya na Marekani wapo wanaoishi na bata sebuleni na kumvalisha nepi iliyoshonwa kwa umbo lake. Kwa maoni yetu haifai kuigwa. Nepi inatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa chache, ngozi na manyoya chini yake huharibika, na katika nyumba ambayo maji yanachotwa kwa ndoo, nani atafua nepi za bata?

Pembe ya bata

Wakulima wa Mgeta wanajua kuishi karibu na mifugo bila kulala nayo chumba kimoja. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe, walioletwa huku miaka ya 1980 kwa kushirikiana na SUA, hufugwa katika banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya fito au mbao ili kinyesi kidondoke chini. Akili ileile inatosha kwa bata, ila bata ni ndege wa chini. Banda lake lisiwe refu, na sakafu isiwe na nafasi za kunasa vidole.

Kama hakuna uwezo wa kujenga banda la nje, chagua pembe ya ukumbi au stoo, si jikoni. Moshi wa mafiga ni mbaya kwa mapafu ya ndege kuliko tunavyodhani, na jikoni ndiko kuliko na unga na mboga. Zungushia mbao au mianzi hadi usawa wa kiuno. Bata wawili wakubwa wanahitaji walau nafasi ya mkeka wa mtu mmoja kwa usiku tu. Wakishinda humo mchana pia, nafasi hiyo haitoshi.

Chini weka maranda ya mbao, nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa kiganja. Bata ana nyayo laini. Akitembea siku zote juu ya saruji tupu, au juu ya matope ya kinyesi, hupata uvimbe na vidonda chini ya miguu, na mwisho huchechemea. Palipolowa ondoa kila asubuhi. Nyasi zilizoota ukungu usiziweke kabisa, kwa kuwa vumbi la ukungu huingia mapafuni mwake na ugonjwa huo hauna tiba rahisi.

Matandiko machafu ni mbolea nzuri, lakini yasipelekwe mabichi kwenye saladi, karoti au stroberi, mazao yanayoliwa bila kupikwa. Yachanganye kwenye shimo la mboji na uyaache yaoze kwa miezi kadhaa kwanza. Bakteria tuliowataja juu wanaweza kurudi mezani kwa njia hiyo.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Bata mmoja hunywa kama nusu lita hadi lita moja kwa siku, na humwaga karibu sawa na hayo. Chombo kiwe na kina cha kutosha azamishe pua na macho, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojisafisha. Bata anayepewa maji kwenye kisahani hupata tongotongo na pua zilizoziba. Chakula na maji vikae pamoja, kwani akila pumba kavu bila maji huweza kukabwa. Usiku, ondoa vyote viwili. Atavumilia hadi asubuhi, na sakafu itabaki kavu.

Kuoga ni nje. Beseni au karai mara mbili tatu kwa wiki linamtosha, kisha apate jua la kujikausha. Hapa tahadhari kwa vifaranga: kifaranga aliyeanguliwa na mama yake hupata kwake mafuta yanayozuia maji yasipenye manyoya, lakini aliyeanguliwa na kuku au kulelewa na watu hana mafuta hayo wiki za mwanzo. Ukimtia kwenye beseni na kumwacha, analowa, anapoa, anakufa. Kwa baridi ya Nyandira au Tchenzema haichukui muda. Wiki ya kwanza anataka joto la takriban nyuzi 32, na linapunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Usipokuwa na kipimajoto, watazame wenyewe: wakijikunyata pamoja wakilia, ni baridi, wakitawanyika huku wamepanua midomo, joto limezidi.

Chakula, na kile cha kumnyima

Kifaranga wa bata anahitaji vitamini iitwayo niasini kwa kiasi kikubwa kuliko kifaranga wa kuku. Akiikosa, miguu hupinda na kulegea, na katika wiki chache hawezi kusimama. Pumba za mahindi peke yake hazimtoshi, kwa sababu niasini iliyomo kwenye mahindi mwili hauipati kwa urahisi. Ongeza dagaa waliosagwa na njegere zilizochemshwa na kupondwa. Njegere ziko Mgeta kwa wingi, na zile zilizokataliwa sokoni kwa udogo zinafaa vizuri. Majani ya mboga, minyoo na konokono hujitafutia mwenyewe, lakini asipelekwe shambani siku ambazo viuatilifu vimepigwa, wala asinywe kwenye mfereji ambapo bomba la kupulizia huoshwa.

Asipewe parachichi, ambalo ni sumu kwa ndege, wala ganda lake. Asipewe viazi mviringo vilivyogeuka kijani au maganda yake, maharage yasiyopikwa, mboga yenye chumvi nyingi, wala mbegu za mahindi zilizopakwa dawa.

Jambo moja tunalikazia. Katika nyumba nyingi mahindi yaliyoota ukungu husemwa "hayo ya bata". Hesabu hiyo ni mbaya. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na uchunguzi uliofuata ulifika kwenye mashudu ya karanga yenye ukungu. Ndivyo sumukuvu ilivyojulikana. Vifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika haraka zaidi na sumu hiyo, kiasi kwamba wanasayansi waliwatumia kupimia chakula. Hapa nchini, mwaka 2016, sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa bata pia, sembuse bata ambaye mayai yake mnakula.

Kwa nini anamfuata mtoto

Kifaranga wa bata akianguliwa, katika saa za mwanzo hushika sura ya kiumbe wa kwanza anayetembea mbele yake na kumfanya mama. Mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, alijulikana duniani kwa kuchunguza tabia hiyo kwa mabata bukini, waliomfuata yeye mwenyewe kama mama yao. Mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi za tabia za wanyama. Basi bata anayemfuata mtoto hadi njia ya shule hajarogwa wala hana akili za ajabu. Anamfuata mama.

Uzuri huo una gharama. Bata aliyelelewa na watu peke yao hajui kuishi na bata wenzake. Dume wa namna hiyo akikomaa anaweza kuwashambulia watu kwa mdomo na mabawa, au kutaka kuwapanda miguuni. Wengi wa bata wa vijijini kwetu ni wale wenye uvimbe mwekundu usoni, wasiolia kwa kelele bali kwa kuvuta pumzi kama mvukuto. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Dume lao hupita kilo 4 na lina kucha kali. Mtoto wa miaka minne halimudu. Ushauri wetu ni kufuga wawili au zaidi tangu wakiwa vifaranga, hasa majike. Bata wa peke yake hulia kila mtu anapotoka, na shambani lazima mtu aende.

Atachinjwa au hatachinjwa?

Swali hili liamuliwe siku ya kwanza, si mkesha wa Krismasi au asubuhi ya Idi. Bata akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 8 hadi 10, wengine zaidi. Mtoto aliyemlea kwa dagaa wa kuponda na kumkausha kwa kanga ya bibi yake hatamwona kama kitoweo, na kumwambia "bata amepotea" huku harufu ya mchuzi imejaa nyumba ni kumdharau. Wako wazazi watakaosema mtoto wa mkulima lazima azoee. Huenda, lakini azoee kwa kuambiwa. Njia tunayoiona nafuu ni kutenganisha: hawa wawili ni wa nyumbani, wanataga, wana majina, vifaranga watakaotokea ni wa kuuza au kula, na hawapewi majina. Mtoto wa miaka saba anaelewa mgawanyo huo.

Akiugua

Bata huambukizwa mdondo, yaani kideri, mara nyingi bila kuonyesha dalili, kisha huwapa kuku ambao hufa wote. Kwa hiyo chanjo ya nyumba iwahusu na kuku wa jirani: muulize afisa mifugo wa kata chanjo ya matone ya jicho aina ya I-2, inayorudiwa kila miezi mitatu au minne.

Mafua makali ya ndege ni habari nyingine. Uganda iliyathibitisha Januari 2017, kwa ndege pori wa ufukweni mwa Ziwa Victoria na pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Ukiona ndege wengi wanakufa ghafla, kichwa kimevimba, shingo imepinda au wanapepesuka, usichinje wale wanaokufa ili kuokoa nyama. Watoe watoto nje ya chumba, usishike kwa mikono mitupu, na umpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Akishafika na kuruhusu, mzoga uzikwe shimo refu mbali na chanzo cha maji, matandiko yachomwe, na pembe yake iachwe wazi ipigwe na jua. Usiutupe mferejini. Maji ya Mgeta yanashuka hadi Mto Ruvu, na kabla ya kufika huko yanapita kwenye ndoo za majirani zako wa bondeni.