Mashine Zilizokufa Siku ya Kwanza

Jumapili, tarehe 18 Novemba 2012, mashine mpya ya gemu ya Nintendo, Wii U, iliingia madukani Marekani Kaskazini. Ile nyeupe iliuzwa kwa karibu dola 300. Nyeusi, yenye nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhia, ilizidi kwa dola 50. Wazazi waliokuwa wakijiandaa kwa Krismasi na vijana waliolipia mapema walirudi nazo nyumbani, wakaziunganisha na runinga, wakakaa mkao wa kula. Kilichowapokea ni taarifa kwamba mashine inahitaji kupakua sasisho kupitia intaneti. Kwa wengi kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja.

Muda wote huo skrini ilionya mtu asizime mashine wala kuchomoa waya wa umeme, na onyo lile halikuwa la kujazia nafasi. Mwandishi wa habari mmoja alichomoa waya sasisho likiwa katikati, kisha akawatahadharisha wenzake kupitia Twitter: mashine yake imekufa. Si yeye peke yake aliyekumbwa. Mimi siwezi kuwalaumu watu wa aina yake. Kazi isipoonekana kusogea kwa dakika nyingi, mtu mwenye akili timamu huamini kwamba kitu kimekwama, na tangu zama za redio za kwanza mkono wa mwanadamu unajua dawa moja tu: zima, washa tena.

Kwa nini dawa hiyo iue? Ndani ya mashine mna chipu ya kumbukumbu ambayo haipotezi data umeme unapozimwa. Humo ndimo inamokaa programu inayoiamsha mashine na kuipa kazi. Chipu hiyo haikubali kubadilishwa neno mojamoja: data hufutwa kwa mafungu makubwa, kisha fungu zima huandikwa upya. Kati ya kufuta na kuandika kuna muda ambapo programu ya zamani haipo tena na mpya haijakamilika. Umeme ukikatika hapo, mashine ikiwashwa tena hutafuta maagizo yake na kukuta vipande. Haiwezi hata kuingia kwenye intaneti kuomba nakala nyingine, kwa sababu programu ya kuingilia intaneti nayo ilikuwa miongoni mwa vilivyofutwa. Ukiifungua utakuta kila kifaa ni kizima. Hakuna kilichoungua wala kulegea. Ila kwa mwenye nayo, dola 300 zimelala mezani bila kazi.

Nintendo walikuwa na historia ndefu ya kujua namna nyingine. Tarehe 15 Julai 1983 walianza kuuza Famicom nchini Japani kwa yeni 14,800. Mashine ile haikuwa na kitu cha kusasisha. Gemu zilikuja kwenye kaseti, na kilichochomwa kwenye chipu ya kaseti kiwandani hakikuweza kubadilishwa na yeyote. Programu yenye kosa ilibaki na kosa lake milele, kwa hiyo wahandisi walijaribu na kujaribu tena kabla ya kuiachia. Hata hivyo Famicom za mwanzo zilikuwa na chipu mbovu, na baadhi zilikwama mchezo ukiendelea. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, angeweza kuwatengenezea waliolalamika na kuwaacha wengine. Aliamuru zote zirudishwe na kuwekewa ubao mpya, tena wakati msimu wa mauzo ya Mwaka Mpya unabisha hodi. Hasara ilikuwa kubwa, na aliyeibeba ni mwenye kiwanda.

Nafikiri hapo ndipo kilipo kiini cha habari yote hii. Kabla ya intaneti kuingia sebuleni, mashine ilipita saa zake za hatari kiwandani, mikononi mwa mafundi wenye vifaa na muda. Baadaye saa hizo zilihamishiwa nyumbani kwa mnunuzi.

Uhamisho haukufanyika kwa siku moja. Xbox ya Microsoft, ya Novemba 2001, ilikuja na diski kuu ndani yake, na mwaka uliofuata ikapata huduma yake ya mtandaoni. Kufikia 2006 masasisho yalikuwa jambo la kawaida, na mwaka huo ndio ulioonyesha gharama yake. Sasisho la msimu wa vuli la Xbox 360 liliziua baadhi ya mashine, na Microsoft wakalazimika kuzitengeneza bure. PlayStation 3 ilipozinduliwa Japani tarehe 11 Novemba, sasisho lake lilikuwa tayari linaisubiri siku hiyohiyo. Siku nane baadaye Nintendo walizindua Wii, na baadhi ya wanunuzi wakaripoti kwamba sasisho la kwanza kabisa liliwaachia ujumbe wa hitilafu na mashine isiyofanya kazi.

Hawa wa 2006 hawakuchomoa waya wowote. Walifuata maelekezo. Ndivyo ilivyokuwa pia Julai 2008, Sony walipotoa toleo 2.40 la programu ya PlayStation 3 na kuliondoa mara tu mashine kadhaa ziliposhindwa kuwaka. Mwishoni mwa Septemba 2009 sasisho la Wii lililokusudiwa kuzuia programu zisizoidhinishwa liligusa sehemu nyeti ya uwashaji, na baadhi ya mashine zikafa. Onyo la skrini humwelekezea mtumiaji kidole, lakini orodha hii haimtaji.

Chanzo kimojawapo ni kalenda. Mashine ya gemu nchini Marekani mara nyingi huzinduliwa Novemba ili iwahi Krismasi, na tarehe hiyo haisogezwi. Mamilioni ya mashine lazima yaundwe mapema, yafungwe kwenye maboksi na kuvuka bahari. Programu iliyomo ni ile iliyokuwapo siku kiwanda kilipoanza, na waandishi wa programu huendelea kufanya kazi meli zikiwa safarini. Kwa Wii U pengo hilo lilikuwa kubwa mno. Duka la mtandaoni, kivinjari, mtandao wa kijamii wa Miiverse, hata uwezo wa kucheza gemu za Wii ya zamani, vyote vilikuwa ndani ya lile sasisho. Huduma ya runinga waliyoitangaza haikuwa tayari hata siku ya uzinduzi. Ilifika Marekani tarehe 20 Desemba.

Mwaka uliofuata Microsoft walikwenda mbali zaidi. Baada ya wateja kupinga kwa hasira mpango wa Xbox One kuhakikiwa mtandaoni kila baada ya saa 24, kampuni iliufuta mwezi Juni. Matokeo yake, mashine iliyotoka Novemba 2013 haikuweza kucheza gemu yoyote hadi ipate sasisho la siku ya kwanza.

Rais wa Nintendo wakati wa Wii U alikuwa Satoru Iwata, mrithi wa Yamauchi, ambaye mwenyewe aliwahi kuandika programu za gemu za Famicom. Siku chache baada ya uzinduzi aliomba radhi. Alisema kwamba kwa imani yake mtu anapaswa kuweza kutumia kila uwezo wa mashine pindi anapofungua boksi, na kwamba ilimsikitisha wateja kupitishwa kwenye sasisho refu kiasi kile. Namheshimu kwa kauli hiyo, maana hakujificha nyuma ya onyo la skrini.

Dawa ya kitaalamu ilikuwa inajulikana. Kompyuta za Chromebook hubeba nakala mbili za mfumo endeshi: moja hutumika huku nyingine ikiandikwa pembeni, na mpya ikishindwa kuwaka, ya zamani hushika kazi. Android ilianza kuruhusu mpango huo kwenye simu mwaka 2016. Gharama yake ni nafasi zaidi ya kumbukumbu, yaani pesa kidogo kwa kila kifaa, na zikizidishwa kwa mamilioni huwa nyingi kwa mtengenezaji.

Wii U ilipata sasisho kubwa Aprili 2013, likaifanya iwe nyepesi zaidi na kuiwezesha kupakua masasisho yaliyofuata ikiwa imezimwa. Iliishia kuuza mashine zipatazo milioni 13.5, wakati Wii ilipita milioni 100. Mrithi wake, Switch, ya Machi 2017, ilikuwa na sasisho dogo siku ya kwanza, na aliyekuwa na kadi ya gemu aliweza kucheza bila kulisubiri. Switch 2 ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, ilihitaji sasisho la siku ya kwanza ndipo iweze kucheza gemu za Switch iliyotangulia.