Gee's Bend, Alabama, 1937

Picha hizi zilipigwa na Arthur Rothstein, mpigapicha wa serikali ya Marekani, katika kijiji kinachozungukwa na Mto Alabama pande tatu. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba la Pettway, na hadi leo wengi wanaitwa Pettway.

Mtazame msichana dirishani. Dirisha halina kioo. Ubao wake umebandikwa gazeti la kuzuia upepo, na gazetini mwanamke wa Kizungu anatabasamu akitangaza chakula. Miaka mitano kabla ya picha hizi, mwaka 1932, wadai walizibeba mali za familia za kijiji hiki: mifugo, zana, hata mazao. Picha zinaonyesha watu waliobaki wakilima.

Filamu za Rothstein zimehifadhiwa Maktaba ya Bunge, Washington.