Jinsi ya kumchora Remmy Ongala kwa akriliki ndani ya saa moja

Rangi ya akriliki haisubiri mtu. Kwenye upepo wa ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, tabaka jembamba hukauka ndani ya dakika chache, na brashi ikisahauliwa bila kuoshwa ndiyo basi tena, maji hayaiokoi. Lakini hapo hapo ndipo faida yake ilipo: rangi ya pili inapigwa juu ya ya kwanza bila kuichafua. Ndiyo maana inafaa kwa picha ya sura ya harakaharaka.

Kigoma ina mastaa wake, na mwaka 2012 baadhi yao waliimba pamoja kama Kigoma All Stars. Ila kwa anayeanza, Dk. Remmy ni rahisi zaidi. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akang'ara na Super Matimila. Alifariki mwaka 2010, lakini Sinza kituo bado kinaitwa Kwa Remmy. Zile rasta zake peke yake ni nusu ya picha.

Kosa kubwa la wengi ni kuanza na macho. Mtu anayefahamika hutambulika hata akiwa mbali, kabla kope zake hazijaonekana, kwa sababu ya umbo la kichwa na mahali kivuli kilipokaa usoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua picha yenye mwanga wa upande mmoja, kama wa jukwaani. Iliyopigwa kwa flashi haifai, inasawazisha uso wote. Kwenye simu, picha igeuzwe iwe nyeusi na nyeupe, kisha mchoraji afinye macho mpaka abaki anaona sehemu tatu tu: giza, kati na mwanga.

Sehemu hizo ndizo zinazopakwa kwanza, kwa brashi pana, ile inayoonekana kubwa kupita kiasi. Dakika kumi zinatosha. Kwa ngozi nyeusi, rangi nyeusi ya kopo iachwe, inaua uso. Kahawia iliyochanganywa na bluu hutoa kivuli chenye uhai, na kahawia yenye nyekundu na manjano kidogo hutoa mwanga. Akriliki ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, hivyo mchanganyiko uwe mweupe kidogo zaidi ya unavyotakiwa.

Turubai ligeuzwe juu chini mara moja. Kama taya imekwenda upande, itajionyesha yenyewe.

Rasta zipigwe mwishoni, kwa mkono wa bega, si wa vidole: mkwaruzo mmoja kwa kila rasta, bila kurudia. Kadi ya zamani ya plastiki inafanya kazi nzuri kuliko brashi. Nyeupe tupu iwe alama mbili tatu tu, puani na machoni.

Uchoraji ufanyike asubuhi au chini ya mwembe. Kigoma jua la jioni hutokea upande wa ziwa na kumulika mara mbili, angani na majini, na rangi iliyoonekana sawa saa kumi na moja inaweza kuonekana matope kesho yake.

Anayetaka kuiuza akumbuke kwamba picha aliyoitazamia ina mwenyewe, yaani mpigapicha. Ruhusa iombwe kabla, kwa maandishi.